Tusingoje Tufani Ndipo Tujifunze Kusema



Kamati yenu imepokea ombi kutoka kwa vijana wa matawi mawili, la Wete na la Mkoani, nalo litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu. Wanaomba Chama kiwasaidie kusomea na kulipia leseni ya redio ya ridhaa, na kiweke mtambo mmoja wa redio hiyo katika ghala letu la Chake Chake, fedha zitoke katika Mfuko wa Maafa. Habari imekwisha kuenea kabla ya mkutano, na tumesikia maneno ya kila namna. Wapo wanaosema kuwa hilo ni jambo la maana. Wapo wanaosema kuwa vijana wanataka Chama kiwanunulie mchezo. Na wapo waliouliza, kwa haki kabisa, redio na karafuu zimekutana wapi.

Sisi katika ofisi ya Chama tumelipima jambo hili, na tumeona si vyema kungoja siku ya mkutano ndipo tutoe rai yetu, kwani mkutanoni muda ni mchache na kelele ni nyingi. Rai yetu ni kwamba ombi hili likubaliwe. Na sababu yetu kubwa ni ile ile wanayoitumia wanaolipinga, yaani kwamba redio hii ni mchezo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Redio ya ridhaa si hii tunayoifungulia taarifa ya habari. Ni mtambo wa kusema na kusikia pia, alio nao mtu nyumbani kwake kwa leseni ya serikali, ili asemezane na wenzake wenye mitambo kama huo, wa karibu na wa nchi za mbali. Huitwa ya ridhaa kwa sababu haina malipo. Sheria za kimataifa zinasema wazi kuwa kazi yake ni mtu kujifunza, kuzungumza na wenzake na kufanya majaribio ya ufundi, bila ya kutafuta faida ya fedha. Kwa hiyo aliyedhani kuwa tutaitumia kuulizana bei ya karafuu, na aiondoe fikra hiyo leo. Kadhalika si kituo cha kutangaza, wala haipigwi nyimbo. Kila mwenye leseni ana jina lake la hewani, la herufi na tarakimu, na hana budi kulitaja anaposema. Majina ya Tanzania huanza na 5H. Zamani, kabla ya Muungano, ya visiwa vyetu yalianza na VQ1. Jambo hili, basi, si geni kwetu kama linavyodhaniwa.

Sasa tuje kwenye tufani. Wazee wetu wamezoea kusema kwamba Pemba haipigwi na tufani, na neno lao lina asili. Kisiwa chetu kiko kiasi cha nyuzi 5 kusini ya ikweta, na karibu na mstari huo ni vigumu kimbunga kuumbika, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia, inayoupinda upepo hata ukazunguka, huko ni ndogo mno. Lakini jambo gumu si jambo muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja, ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilipona kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikashika mbele katika karafuu. Maana yake ni kwamba ukubwa wetu huu, pamoja na jasho la wazee wetu, ulisaidiwa na njia ulioishika upepo siku ile. Ungalishika njia ya juu kidogo, pengine leo gazeti hili lingekuwa likiandikwa Unguja na sisi tungekuwa tukilisoma kwa wivu.

Na miaka hii ya karibuni upepo umekuwa ukibisha hodi kwa majirani. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazidja, na tarehe 25 kikaingia jimbo la Cabo Delgado katika Msumbiji, ambalo mji wake mkuu unaitwa Pemba kama kisiwa chetu. Nyumba nyingi za kisiwa cha Ibo zilibomoka. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo kimbunga Chido kiliibomoa Mayotte. Huko Mayotte umeme na simu viliharibika pamoja na nyumba, na siku kadhaa zikapita serikali haijui ni watu wangapi waliokufa.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama wasimame kidogo. Tufani ikipita, jambo la kwanza linalokatika ni habari. Leo karibu kila nyumba ina simu ya mkononi, nasi tumeizoea hata tunadhani iko peke yake mfukoni. Haiko peke yake. Iko na mnara, na mnara unataka umeme, na ukikosa umeme unaishi kwa betri yake au jenereta yake mpaka vitakapokwisha. Tena mnara mmoja hausemi bila ya minara mingine na nyaya zinazouunganisha na bara. Na hata ukibaki umesimama, watu wote wakipiga kwa wakati mmoja njia hujaa, na anayempigia mama yake hampati, wala anayempigia daktari. Umeme wetu wa Pemba, tangu 2010, unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Nani asiyekumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kiasi cha miezi mitatu tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Na siku hizo hapakuwa na tufani yoyote.

Redio ya ridhaa haina mnara. Ina mtambo mdogo unaobebeka, betri ya volti 12 kama ya gari, na waya. Betri yaweza kutiwa moto kwa kioo cha jua juu ya paa. Waya wenyewe, kwa masafa ya megahezi 7, ni wa urefu wa mita 20 tu, ukikatwa katikati na kufungwa baina ya minazi miwili. Ukifungwa chini, mita chache kutoka ardhini, mawimbi yake hupanda juu wima, yakagonga tabaka la anga linalotiwa nguvu na jua, yakarudi chini na kuenea kwa mamia ya kilomita pande zote. Kutoka Chake Chake utasikika Unguja, Tanga na Mafia, wala mlima wala bahari havizuii. Usiku tabaka hilo linapopungua nguvu, mtu hushuka kwenye masafa ya chini zaidi. Kituo kinasema na kituo moja kwa moja. Hakuna wa katikati wa kuanguka.

Haya si maneno ya kubuni. Tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kilikiangukia kisiwa cha Dominica, katika bahari ya Karibi. Simu zikafa zote, na miongoni mwa habari za mwanzo zilizotoka kisiwani ni zile zilizosemwa na wenye redio za ridhaa. Siku mbili baadaye kimbunga hicho hicho kilifika Puerto Rico, na minara ya simu zaidi ya 9 katika kila 10 ikanyamaza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaomba msaada kwa chama cha wapenzi wa redio wa nchi hiyo, na watu 22 wakajitolea kwenda kupeleka majina na salamu za walio hai kwa jamaa zao. Katika bahari hiyo hiyo, tangu mwaka 1965, wapo wapenzi wa redio wanaokutana kwenye masafa ya megahezi 14.325 kila kimbunga kinapokaribia nchi. Hupokea vipimo vya upepo na habari za hasara kutoka kwa wenzao walio visiwani, wakavipeleka kwa wataalamu wa hali ya hewa walioko Miami. Hawalipwi hata senti moja.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi. Mwezi wa Desemba 2004 bibi mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikwenda na wenzake Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa mchezo wao wa redio. Visiwa hivyo vilikuwa havijasikika hewani kwa miaka mingi, na wapenzi wa redio wa dunia nzima walikuwa na hamu ya kusemezana na mtu aliyeko huko, kama vile mkusanyaji wa stempu anavyotamani stempu ya nchi adimu. Kwa wiki kadhaa hawakuwa na kazi nyingine. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba ardhi ikatetemeka na bahari ikapanda. Simu zikakatika. Waliokuwa wakicheza ndio waliobaki na njia ya kusema na bara, na kwa siku nyingi wakawa wanapeleka majina ya walionusurika na mahitaji ya wenye shida. Wangefanyaje hayo kama wangalikuwa ndio kwanza wanaufungua mtambo kutoka sandukuni, na kitabu cha maelezo mkononi?

Hii ndiyo nguzo ya hoja yetu. Wapo wajumbe waliosema, tununue mtambo tuufungie ghalani, siku ya shida tuutoe. Twasema kwa heshima kwamba rai hiyo ni sawa na kununua ngalawa na kuiweka darini. Mtambo uliofungiwa, siku ya haja betri yake imekufa, waya wake umeliwa na panya, na aliyeonyeshwa namna ya kuutumia amekwisha kuhamia Dar es Salaam. Lakini kijana anayecheza na redio kila jioni anajua saa gani masafa gani yanafunguka, anajua sauti za wenzake wa Tanga na wa Nairobi, na waya ukikatika anaufunga gizani kwa kupapasa. Hakuna nahodha aliyejifunza kushika tanga siku ya dhoruba. Kujifunza ni siku za shwari, na siku za shwari mtu hajifunzi ila kwa jambo analolipenda. Kwa hiyo anayesema kuwa huu ni mchezo amesema kweli, na sisi twasema, uacheni uchezwe.

Sasa tujibu lile swali la redio na karafuu. Hatutaki kumdanganya mtu. Redio haizuii mkarafuu usianguke. Watazameni wakulima wenzetu wa Grenada, kisiwa cha viungo kama chetu, chenye chama cha ushirika cha kungumanga tangu mwaka 1947. Waliharibiwa na kimbunga Janet mwaka 1955, wakapanda upya. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kikaangusha sehemu kubwa kabisa ya mikungumanga yao, walipokuwa wa pili duniani nyuma ya Indonesia, na mavuno yao hayajarudi pale yalipokuwa. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikakibomoa kisiwa chao kidogo cha Carriacou, na mawasiliano nacho yakakatika. Mti wa miaka 40 ukilala, umelala, na wa badala yake hutausimamia mavuno ya maana kabla ya miaka mingi kupita.

Hata hivyo baina ya mti uliolala na mti uliosalimika upo mti ulioinama, na huo ndio unaookolewa na habari. Mkarafuu mchanga uliolazwa nusu waweza kuinuliwa na kutiwa mhimili ikiwa utawahiwa siku za mwanzo, mizizi haijakauka. Ukicheleweshwa ni kuni. Karafuu mbichi iliyokwisha kuchumwa, ikirundikwa ndani kwa sababu majamvi yamechukuliwa na upepo, huvunda na kupoteza rangi yake kwa siku chache tu. Anayejua siku ya kwanza kuwa Konde wana misumeno lakini hawana kamba, na Mtambile wana kamba lakini barabara imefungwa na miti, atapanga msaada. Asiyejua atakaa ofisini akingoja mtu wa baiskeli. Na juu ya miti yote yapo maisha ya watu. Wachumaji wetu wengi hutoka mbali, wengine hutoka ng'ambo. Jamaa zao watataka kujua jambo moja tu, nalo si la karafuu.

Zimesemwa hoja nyingine, nasi tutazijibu kwa ufupi.

Imesemwa kwamba siku hizi kuna simu za setilaiti, kwa nini tusinunue hizo. Hatuzipingi. Chama kikipata moja, tutaishukuru. Lakini inataka kulipiwa daima ipigwe isipigwe, na husema na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Redio husikika na wote waliofungua masafa yale, na mmoja akiita watano wanaweza kuitika.

Imesemwa kwamba serikali itatushuku. Kushukiwa ni kwa anayefanya mambo kwa siri. Leseni za redio hizi hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, jina la hewani limeandikwa kwa mtu, na kila neno linalosemwa laweza kusikilizwa na yeyote. Tena tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa zinazihimiza serikali ziwaruhusu watu wa redio ya ridhaa wajiandae kusaidia wakati wa maafa. Mwaka huo huo ndipo ilipoondolewa sharti ya kimataifa ya kujua alfabeti ya Morse, iliyokuwa ikiwakatisha tamaa wengi. Lakini hatutaki mtambo ufunguliwe kusemwa kabla leseni haijafika. Kusikiliza kwanza, kusema baadaye. Hilo tutalisimamia wenyewe.

Imesemwa kwamba mchezo huu utawafanya vijana wavivu wa shamba. Twauliza, wako wapi leo vijana wanaoshinda shamba? Wengi wao wako barazani na simu, wanatazama mipira ya Uingereza. Kijana atakayejifunza kupima waya, kutunza betri, kuunganisha kioo cha jua na kuzungumza kwa adabu na watu asiowajua, huyo ametoka barazani. Atakuwa na ufundi hata kama tufani haitakuja katika umri wake, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu isije. Na hapa twaongeza neno kwamba mabinti wasiachwe nje. Huyo wa Andaman tuliyemtaja alikuwa mwanamke.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya fedha. Mfuko wa Maafa ulichangwa kwa ajili ya miche, kamba na majamvi, na waliouchanga wana haki ya kuulinda. Nasi twaulinda pamoja nao. Ndiyo maana hatukubaliani na kila kilichoandikwa na vijana. Wameomba mitambo mitatu, nasi tunapendekeza mmoja. Wameomba Chama kiwalipie wote leseni, nasi tunapendekeza vijana wawili kwa kila tawi, watakaochaguliwa na tawi lao, na matumizi yote yasizidi sehemu moja ya kumi ya Mfuko. Sehemu tisa zinabaki kwa miche na majamvi kama ilivyokusudiwa. Lakini miche itasaidia nini ikiwa imekaa ghalani Chake Chake na hakuna ajuaye ni shamba lipi lililoanguka?

Kwa hiyo tutaleta mkutanoni mambo manne, nayo ni haya. Kwanza, mtambo mmoja wenye betri, kioo cha jua na waya uwekwe katika ghala la Chama, na ufunguo wake uwe kwa watu wawili. Pili, vijana wawili wa kila tawi wasaidiwe kusoma na kupata leseni. Tatu, kila wiki, jioni moja itakayopangwa, wenye leseni wafungue redio na kupeana habari za mvua na upepo za upande wao, na majina ya waliofika yaandikwe daftarini. Nne, mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, wafanye jaribio la siku nzima bila ya simu na bila ya umeme wa waya, na taarifa yake iletwe kwa wanachama ili kila mtu aone kama fedha yake inafanya kazi au imelala.

Hilo la nne tumelitia kwa makusudi. Ikiwa baada ya miaka miwili majaribio yatakuwa hayafanyiki na daftari litakuwa tupu, mtambo uuzwe na fedha zirudi Mfukoni, wala hapatakuwa na ugomvi. Hatuwaombi wanachama waamini maneno yetu. Tunawaomba watoe nafasi, kisha wahesabu.

Hesabu ya bei za vitu vyote ipo ofisini, na kila mwanachama yuko huru kuja kuitazama siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane. Matawi yanaombwa kulizungumza jambo hili katika vikao vyao, na makatibu wa matawi walete majina ya vijana waliopendekezwa, wanaume na wanawake, pamoja na maoni ya wanaopinga yaliyoandikwa, ili yasomwe mkutanoni kama yalivyo.